Wimbo Uliosimamishwa

Kwa miaka kumi na miwili sikukosa onyesho hata moja la binti yangu. Alipokuwa nasari akapewa kuwa mti, akasimama na matawi ya mwarobaini mkononi mpaka usingizi ukamchukua wima, nilikuwepo. Alipokuwa darasa la tatu, walipoghani shairi la kunawa mikono kwa mgeni wa heshima ambaye hakutokea, nilikuwepo, na jua lilituchoma mpaka saa nane tukimngojea. Kikundi cha vijana wa kanisa kilipokwenda Ogwedhi siku ya mnada wa ng'ombe kuigiza mchezo wa malaria, nilifunga cherehani nikawafuata. Ng'ombe walikata katikati ya wachezaji, na mgonjwa aliyekuwa mahututi chini akaamka akakimbia kuliko wote. Mgonjwa huyo alikuwa binti yangu. Watu walimcheka wiki nzima, na mimi nilicheka nao.

Mimi ni fundi wa nguo, Migori mjini. Nguo nyingi za maonyesho hayo nilizishona mwenyewe, bure, nikisifiwa na walimu kwa maneno. Nayasema haya mapema ili ujue nilijiona na haki gani siku mambo yalipoharibika.

Baba yake hakuja hata mara moja. Alikuwa mvuvi Karungu, mimi kazi yangu ikawa mjini, tukikutana mwisho wa wiki nyumbani kwake kando ya ziwa. Mimi Msabato, yeye Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka. Kila nilipomwambia mtoto anaimba Ijumaa, alinijibu vilevile.

"Michezo ya shule ni ya walimu. Wimbo gani huo unaopimwa kwa saa?"

Usidhani hakupenda nyimbo. Alizipenda kupita kiasi, ila alizipenda kwa namna ya kwao. Mimi ni Mkuria, niliolewa kwa Wajaluo, na jambo hili nililikuta. Mpiga nyatiti, kile kinubi cha Kijaluo, anapiga huku akiimba. Wimbo ukikuchoma moyo, unasimama, unainua mkono. Papo hapo anaziziba nyuzi kwa kiganja, watu wananyamaza, nawe unajisifu mbele yao: wewe ni nani, mwana wa nani, na majina yako yote ya kujitapa. Ukimaliza unashusha mkono, unamwambia aendelee. Wanaliita jambo hilo pakruok. Kwao, kumsimamisha mwimbaji ni kumpa heshima kubwa kuliko makofi, kwa sababu amekufikia. Na mwimbaji anayeendelea kuimba wakati mtu mzima ameinua mkono amemtukana hadharani.

Mume wangu alikuwa bingwa wa mambo hayo. Alikuwa na sauti ya kusikika ng'ambo ya ghuba, na majina hayakumwishia. Alikuwa Dume la Karungu. Alikuwa Mlaza Sangara. Alikuwa Aliyetoa Ng'ombe kwa Wakuria na Bado Anatembea, na hilo ndilo jina pekee nililoingia mimi, tena nimepitia kwa ng'ombe. Watu walikufa kwa kicheko. Mimi nilikaa na kitenge changu magotini nikisema moyoni, jisifu baba, jisifu, kuna mtu anayelipeleka jina lako shuleni na hujui hata yuko darasa gani.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye yeye mwenyewe alimfundisha mambo hayo. Binti yetu alikuwa na miaka minane hivi. Jumapili omena, dagaa wa ziwa, wakiwa wameanikwa kwenye nyavu, mtoto huketi barazani na mtungi wa plastiki katikati ya magoti, anaupiga na kuimba. Baba yake yuko na ugali wake. Ghafla anainua mkono, tonge limejaa mdomoni. Mtoto anaubana mtungi kwa viganja viwili, kimya. Baba anajisifu, anashusha mkono, na mtoto lazima aushike wimbo palepale alipouacha, neno kwa neno. Akichelewa kunyamaza, baba anamwambia, "Umenitukana wewe, anza upya." Wanacheka mpaka machozi. Ulikuwa mchezo wao wawili, na mimi sikuwahi kuingizwa.

Mwaka ule binti alikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni ya wasichana huko Homa Bay. Alikuwa mwanzishaji wa nyimbo za kiasili katika kwaya. Mwaka wake wa mwisho, sauti imekomaa, na hajawahi kuvuka mashindano ya kaunti. Kila mwaka walibaki palepale. Aliponipigia simu kwa simu ya mwalimu, hakuniuliza habari za nyumbani. Aliniambia, "Mama, mwaka huu tunapita."

Nyumbani habari hazikuwa nzuri, ila hatukumwambia. Tangu Krismasi sauti ya baba yake ilikuwa imekwaruza. Tulisema ni baridi ya ziwa. Tulimpa tangawizi, tukampa asali, tukampa kila kitu ambacho jirani alikumbuka. Kufikia Pasaka ugali ulikuwa haupiti. Hospitali ya Kisumu walimwangalia, wakampima, wakatueleza kwa upole kwamba kuna kitu kooni, na kwamba kitu hicho hakitoki peke yake. Kitatoka pamoja na sauti. Wakampa siku ya upasuaji, wiki moja baada ya mashindano. Tukakubaliana mtoto asijue mpaka afunge shule, maana ana mitihani. Akiuliza, baba ana koo.

Siku tatu kabla ya mashindano mume wangu aliniambia, kwa ile sauti iliyobaki, "Nitakuja kumsikiliza." Nilidhani sikusikia vizuri. Kisha akanyamaza kabisa. Siku mbili nzima alikuwa akiniashiria tu: chumvi, maji, nipe kofia. Nilidhani koo linamuuma. Kumbe alikuwa akiiwekea sauti akiba.

Ukumbi ulikuwa wa shule moja huko Homa Bay, umejaa mpaka madirishani. Mume wangu alivaa koti nililomshonea siku ya harusi ya mdogo wake, na sasa lilimpwaya mabegani. Mwenye kipaza sauti alitupa masharti: simu zizimwe, watoto wachanga wapelekwe nje, hakuna makofi mpaka wimbo uishe. Katikati ya ukumbi jaji alikuwa na meza yake, kalamu na kengele. Hakuwa mtu wa huku. Shule tatu zikapita. Ya nne ikawa yetu.

Waliingia na sketi za mkonge, njuga miguuni, na blauzi nilizoshona mimi. Msichana mmoja akaketi na nyatiti. Binti yangu akasimama mbele. Ulikuwa wimbo wa bibi harusi anayewaaga watu wa kwao kabla ya kutoka langoni. Aliuanza taratibu, wenzake wakampokea, na wallahi, ingawa si kiapo cha Msabato, sijawahi kumsikia akiimba vile. Mama mmoja mbele yangu alishika shavu. Hata jaji aliweka kalamu chini.

Mume wangu alinishika goti, akalibana. Halafu akaanza kusimama.

Nilijua papo hapo. Nikamshika pindo la koti. Nilikuwa na nguvu kuliko yeye siku hizo, ningemkalisha kama mtoto. Nikamwachia. Mpaka leo najiuliza kwa nini, na jibu ninalolipata ni kwamba nilimwonea huruma.

Akainua mkono.

Binti yangu alimwona. Alikuwa katikati ya mstari. Akainua kiganja, na mwenzake akaziba nyuzi, na miguu yote ikatulia, njuga zikanyamaza kwa pamoja. Hakufikiri. Alikuwa amefundishwa miaka kumi kwamba ukiendelea umemtukana. Ukumbi wote ukawa kimya, na nyuma yangu mzee mmoja akaguna kwa kuridhika, "Eee."

Mume wangu akafungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, bawaba ya mlango wa bati. Alizungumza kwa Kijaluo, na aliyekuwa karibu kiasi cha kusikia alikuwa mimi tu.

"Mimi ni baba wa yule. Majina mengine yote nimeyaacha."

Basi. Hakutaja Dume la Karungu, hakutaja sangara wala ng'ombe. Midomo iliendelea kucheza kidogo bila sauti, halafu akashusha mkono. Binti alingoja aambiwe aendelee, kama ilivyo desturi. Hakusikia kitu. Akangoja tena. Nilimwona akimeza mate. Kisha akaushika wimbo palepale alipouacha, neno kwa neno, na wenzake wakamfuata mpaka mwisho. Watu walipiga makofi, wengine wakasimama juu ya viti.

Jaji alisema maneno mazuri kwanza. Sauti, mavazi, mpangilio. Halafu akasema kwaya ilisimama katikati ya wimbo, na kwa masharti ya mashindano wimbo uliosimama umekwisha. Alisema anaelewa desturi za wenyeji, lakini hapa si matangani. Simlaumu, alifanya kazi aliyoitiwa. Walikuwa wa nne, na waliovuka ni wawili.

Nje, karibu na basi la shule, wasichana walikuwa wanalia huku wameshikana mabega. Hakuna aliyemshika binti yangu. Alikuja kwetu na sketi yake ya mkonge. Baba yake alimnyoshea mikono miwili. Binti alimpa mkono mmoja, akainamisha kichwa.

"Asante kwa kuja, baba."

Baba alijaribu kujibu, sauti haikuwepo. Ilikuwa imekwisha kule ndani. Binti akanivuta kando, nyuma ya basi.

"Amesema nini pale?"

Sasa sikiliza jambo ambalo sijamwambia hata mchungaji wangu. Nilikuwa na hasira. Nilimwonea mtoto uchungu kwa kushindwa, hilo ni kweli. Lakini hasira yenyewe ilikuwa nyingine. Miaka kumi na miwili nimekaa juani, nimeshona, nimepiga makofi nikiwa peke yangu. Huyu amekuja siku moja, na wimbo umesimama kwa ajili yake. Mimi sikuwahi kusimamishiwa hata mstari. Wivu, ndilo neno lake. Wivu kwa mtu anayekwenda kukatwa koo wiki ijayo.

"Majina yake tu," nikamwambia. "Si unamjua baba yako."

Akatikisa kichwa polepole. "Hata leo," akasema. "Hata siku yangu." Akapanda basi.

Nilirudi kwa mume wangu. Alinitazama usoni, akaligusa sikio lake, akaelekeza kidole kule basi lilikokwenda. Aliuliza kama mtoto alisikia. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, alisikia. Nilitaka kumpa faraja. Alitabasamu njia nzima mpaka Karungu.

Upasuaji ulifanyika. Alirudi na tundu shingoni na daftari la mistari la shule ya msingi, alilokuwa akiandika humo kwa herufi kubwa, maana hakusoma sana. MAJI. DAWA. FUNGA MLANGO.

Agosti binti akafunga shule, akatukuta hivyo. Nilimweleza yote ya ugonjwa barazani, naye hakulia. Aliuliza swali moja: "Kwa hiyo ile ilikuwa sauti yake ya mwisho?" Nikasema ndiyo. Akakwaruza ukucha kwenye kiti.

"Na akaitumia kujisifu," akasema.

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini kusema hivyo ni kusema pia kwamba nilidanganya, na nikajipa kesho. Nilijipa kesho wiki tatu. Binti alifanya kazi zote: alipika uji, alifua vitambaa vya shingo, alimpa baba yake dawa kwa wakati. Hakukaa naye. Anaweka kikombe, anaondoka. Baba naye alidhani mtoto aliyasikia maneno yake, na baada ya kuyasikia ameamua kutomjibu. Mtu mwenye kiburi kama yule hawezi kuyarudia kwenye daftari. Aliniandikia mimi: MTOTO AMENIKATAA. Nilimwambia ni mitihani tu, ana mawazo.

Mchana mmoja binti alikuwa anaosha vyombo barazani. Baba yake alikuwa kwenye kiti chake, na ule mtungi wa zamani ulikuwa karibu, siku hizi wa kuwekea mafuta taa. Akaunyoshea mkono, akaupiga kwa vidole viwili. Mapigo manne. Akatulia. Akapiga tena manne, akamtazama. Binti alijua vizuri sana anaambiwa nini. Alikung'uta maji mikononi, akachukua sufuria, akaingia ndani. Mume wangu akausukuma mtungi kwa mguu hadi ukutani. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mboga, na niliendelea kuchambua mboga.

Binti alirudi shuleni. Baba yake alifariki Oktoba, kabla tu ya mitihani, na shule ikampa ruhusa ya siku tatu.

Asubuhi ya mazishi binti alikuwa jikoni na kalamu na karatasi, kwa sababu yeye ndiye aliyechaguliwa kusoma maneno ya watoto. Karatasi ilikuwa tupu. Nje wanaume walikuwa wanapanga viti chini ya maturubai.

"Mama, sijui nitasema nini," akaniambia. "Tuliachana vibaya. Niandike alikuwa baba mzuri? Watu wanajua alikuwa mtu wa kujisifu."

Nikamwambia. Nikiwa nimesimama, mwiko mkononi, nikamwambia maneno yote mawili ya baba yake, kwa Kijaluo changu kibovu halafu kwa Kiswahili. Nikamwambia kwamba nilidanganya nyuma ya basi. Nikamwambia kwamba baba yake naye nilimdanganya. Nilitaka anipige, au angalau apige kelele watu waje.

Hakuinua hata sauti. Alikuwa anaitazama kalamu.

"Mama, si ungeniambia Agosti," akasema. "Agosti alikuwa hapo."

Nikamwita jina lake. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akatoka kwenda kuwasaidia wasichana wa jirani kuchota maji.

Zamu ya watoto ilipofika, katekista akamwita mbele. Hakuitoa karatasi. Alisimama kando ya jeneza na kuanza wimbo wa bibi harusi, ule ule, bila nyatiti, bila njuga. Watu waliinamisha vichwa. Alifika mstari ule, neno lile. Akanyamaza.

Katekista alidhani kilio kimembana, akasema pole mwanangu, na kina mama wawili wakainuka kwenda kumshika. Aliwatuliza kwa kiganja. Hakuwa analia. Alikuwa ananitazama mimi, moja kwa moja, juu ya vichwa vya watu wote wa Karungu. Nilijua anangoja nini. Katika watu wote pale palikuwa na mmoja tu aliyebeba maneno ya kusemwa mahali hapo, na ilinipasa kusimama tu na kuinua mkono.

Nilimwona akimeza mate, kama kule ukumbini. Alinipa muda mrefu. Alinipa muda mrefu kuliko aliompa baba yake.

Mimi nisiyekosa onyesho lake hata moja, nilikaa kwenye kiti changu nikitazama miguu yangu. Akaushika wimbo palepale alipouacha, akauimba peke yake mpaka mwisho.